Wakongwe wa kupaka vijisanamu, acheni kutuambia "puliza praima tu"!

Wakuu, hili limenikaa kooni na leo nalitoa. Kila mgeni akiuliza namna ya kupaka upya vijisanamu vya michezo ya mezani anapewa jibu lilelile: osha, puliza praima (rangi ya msingi inayoshikisha rangi za juu), piga koti, yaani tabaka za rangi, mbili nyepesi, malizia na vanishi. Wanaojibu wana uzoefu mkubwa, sibishani nao hapo. Ninachobishia ni kwamba hakuna hata mmoja anayeanza na swali la maana: hicho kijisanamu chako kimetengenezwa kwa kitu gani?

Maelekezo hayo yanafaa plastiki ngumu ya kijivu, ile inayokuja vipandevipande kwenye fremu, unakata na kuunga mwenyewe. Hiyo ni polistairini na inapokea praima ya kopo bila tabu. Sasa mtu anayeanza kwa kupaka UPYA mara nyingi hana hiyo. Ana vile vilivyopakwa rangi kiwandani, mikuki imepinda, panga zinalegea, na vingi ni PVC laini. PVC ya aina hiyo huchanganywa na vilainishi ili isivunjike kirahisi, na viyeyushi vilivyomo kwenye rangi nyingi za kupuliza havipatani na vilainishi hivyo. Praima inabaki inanata. Si kwamba inachelewa kukauka. Inaweza isikauke kabisa!

Ninaye shujaa mmoja hapa mezani, amevaa deraya ya minyororo na joho refu. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikamwacha akauke vizuri. Nikatikisa kopo kama ilivyoandikwa, nikapuliza kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, mipulizo mifupi ya kupita. Hakuna hatua niliyoiruka. Mpaka leo ukimshika anang'ang'ania kidole. Alama ya dole gumba iko mgongoni, mistari yote ya ngozi inaonekana, na vumbi limeganda kwenye mikunjo ya joho kiasi kwamba hata mswaki hauliondoi. Nikauliza. Mmoja akasema nisubiri, mwingine akasema kopo ni bovu, wa tatu akanishauri nipige koti nyingine juu yake. Koti ya juu itakaushaje iliyo chini? Inaifunika tu, na uso wa shujaa unazidi kuzama. Pua ilishapotea, zile pete ndogo za deraya zimejaa rangi hadi zimekuwa ukuta mtupu.

Na dawa yake ipo, tena rahisi. PVC laini ipake kwa brashi praima ya maji, au ukishaosha anza moja kwa moja na rangi ya akriliki (ile ya maji) iliyopunguzwa kwa maji, koti nyembamba kadhaa. Ile rangi ya kiwandani ikiwa nyembamba na imeshika vizuri, hakuna haja hata ya kuitoa. Mkuki uliopinda unautia kwenye maji ya moto, unaunyoosha, unautumbukiza kwenye maji baridi, unabaki hivyo. Haya yote nimeyaokoteza huku na kule, nusu sentensi hapa, nusu pale. Kwa nini hayamo kwenye maelekezo ya mwanzo ambayo kila mtu anatumwa kuyasoma?

Kwenye kutoa rangi ya zamani ndiko kunakonikera zaidi, kwa sababu pale mtu anapoteza kitu moja kwa moja. Anatokea mjuzi mmoja, anasema kwa kujiamini kabisa: loweka kwenye asetoni, rangi yote inatoka. Ndiyo, inatoka, kwa vijisanamu vya metali. Ukitia polistairini humo inayeyuka, unaopoa tope. Na dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha zina asetoni, kwa hiyo mgeni anachukua aliyonayo nyumbani akijua amefuata ushauri wa mkubwa. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea ina usalama zaidi kwa plastiki: loweka, kisha sugua kwa mswaki mkuukuu. Lakini baadhi ya rezini (plastiki ya kumimina kwenye kalibu) inalainika humo, na viungo vya supa gluu vinaweza kuachia. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini ya kitako. Vaa glavu, fungua madirisha, kaa mbali na moto. Maneno hayo hayajazi hata mistari miwili.

Vya metali vya zamani navyo vingi vina madini ya risasi, yenye sumu. Sijaona anayelisema hilo kabla ya kumwambia mgeni apige msasa. Vumbi la risasi si la kuvuta. Lowesha msasa, vaa barakoa, nawa mikono kabla hujagusa chakula. Na ile tabia ya kulamba brashi ili ichongoke, ambayo wengine wanaifundisha kwenye video kabisa, muiache: zipo rangi zenye kadimiamu, metali ya sumu, ndani yake.

Halafu "punguza rangi iwe kama maziwa". Maziwa gani? Nyeusi na nyeupe hazipungui sawa hata kidogo. Nyeupe na njano hazifuniki vizuri, ukizipunguza kama nyeusi zinakimbilia kwenye mashimo na kuacha vilele vitupu. Mwambieni mtu avute mstari mmoja kwenye sahani ya rangi, aangalie: unafuata brashi bila kutiririka na bila kuacha michirizi? Basi iko sawa. Njano aiwekee kahawia nyepesi chini yake, haitamtesa. Mtu akiambiwa hivyo anaelewa anachotafuta.

Brashi namba 000 pia acheni kuwauzia wageni eti ndiyo ya macho. Ncha yake inabeba rangi kidogo mno, inakauka kabla hujafika usoni. Namba 1 yenye ncha nzuri inafanya kazi hiyohiyo na rangi inabaki mbichi.

Wenye video nao: mnaonyesha koti ya kwanza kwa sekunde chache, mnakata, tunaona ya mwisho inang'aa. Koti ya kwanza nyembamba ni mbaya kwa kila mtu, ina madoa, plastiki inaonekana chini. Mgeni akiiona kwake anadhani ameharibu, anaongeza rangi nzito kufunika. Hapo ndipo sura zinapopotea! Ionyesheni hiyo koti ya kwanza, mtulie nayo.

Na msiniambie "fanya mazoezi tu". Mazoezi hayakaushi praima kwenye PVC.

Ninachotaka kwenye uzi huu: aliyepuliza praima ya kopo kwenye PVC laini ikakauka kweli, aweke hapa ilikuwa ya aina gani na kijisanamu kilikuwa cha nini. Aliyepata ya kunata naye aeleze aliitoaje bila kuharibu plastiki. Nitakusanya majibu niyaweke juu kabisa, kwa mpangilio wa malighafi, ili anayekuja kesho ayakute.