Naomba ushauri: mageti ya Canal du Midi tukiwa wawili tu

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa aliyewahi kuendesha boti Ufaransa. Mwezi wa tisa mimi na mama tunataka kukodi boti Castelnaudary tushuke Canal du Midi, ule mfereji wa boti wa kusini mwa Ufaransa, mpaka Carcassonne, kama km 40 hivi, halafu turudi. Leseni najua haihitajiki, shida ni yale mageti ya maji, écluse, yaani boti inafungiwa katikati ya mageti mawili, maji yanaongezwa au kupunguzwa ili ipande au ishuke, maana wakati wa kupanda maji yanaingia kwa nguvu, nimeona kwenye video jamaa kazungusha kamba kwenye chuma cha ukingoni anaivuta kidogokidogo boti inavyoinuka, na mama magoti yanamsumbua hawezi kabisa kuruka na kamba. Wakodishaji nimewauliza wananijibu tu ni rahisi.

Mtu mmoja anaweza kweli usukani na kamba zote mbili? Au tuchukue ya kwenda tu, boti tuiache Carcassonne?