Ametema zabibu yangu ndani ya kreti yangu, siku ya kwanza ya msimu!

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado nje ya geti, na mikono inanitetemeka kwa hasira. Nyote mnaopeleka zabibu katika kile kiwanda cha mvinyo mnamfahamu yule bwana wa mapokezi mwenye koti jeupe, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Asubuhi ya leo amechuma punje moja kutoka katika kichala cha juu kabisa, akaitafuna kama mtu aliyelazimishwa kumeza mwarobaini, akaitema ndani ya kreti yangu, kisha akaniambia, "Zirudishe shambani zikaive."

Zikaive wapi? Mtu anayeshinda na zabibu kila siku hajui kwamba zabibu ikishakatwa haiongezi utamu hata chembe, kwamba si ndizi ile ya kuvundika?

Tangu tulipopogoa mwezi wa Aprili nimelala shambani Hombolo kuliko nilivyolala nyumbani kwangu. Nimepuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, nimenunua mafuta ya pampu kiangazi chote, na nimefukuza ndege mpaka naamini hakuna ndege Dodoma nzima asiyeijua sauti yangu. Leo saa kumi alfajiri vibarua kumi na wawili walikuwa wameshaingia na mikasi na tochi, kwa sababu zabibu ikipigwa na jua ndani ya kreti huanza kuvuja na nyuki hawakawii. Tulifika getini saa moja kasoro, vichala vikiwa bado na ule unga mweupe wa asili juu ya ganda, ambao ukiugusa tu kidole kinaacha alama. Kidole cha yule bwana kiliacha alama yake, kisha yakafuata mate.

Na kipimo cha sukari kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake! Kazi yake ni kukamulia matone mawili matatu juu ya kile kioo, kukielekeza penye mwanga na kusoma namba, jambo lisilomaliza hata dakika moja. Namba ingekuwa ndogo ningepakia mzigo wangu nikaondoka kimya. Lakini ametema. Ametema mbele ya vibarua wangu, mbele ya dereva wa Kenta, mbele ya mama mkwe wangu aliyekuja kunisaidia kupakia, na mama mkwe ndiye aliyeinama kuitoa ile punje kwa pindo la kanga yake. Nimemwona akiinama. Hilo sitalisahau.

Nyuki wa Mvumi: Pole sana, ndugu yangu. Msimu wa Machi alikishika kichala changu kwa vidole viwili kama anayeshika panya aliyekufa. Huyo hajawahi kushika jembe.

Shamba Darasa: Mleta mada, punguza jazba. Kutafuna na kutema ndiyo njia ya kuzitazama mbegu: zikiwa za kahawia na zinavunjika kwa meno, zabibu imeiva; zikiwa za kijani, bado. Tuambie ukweli, mbegu zako zilikuwa na rangi gani?

Mleta mada: Zilikuwa za kahawia, isipokuwa chache za mistari ya pembezoni. Na atafune atakavyo, sijamkataza. Pale chini palikuwa na mchanga mtupu, kwa nini ateme ndani ya kreti?

Mzee wa Chinangali: Kijana, hizo "chache za pembezoni" ndizo zilizokuponza. Umeogopa ndege ukakata kabla ya wakati, na sasa unalia na mate. Ungesubiri wiki moja tu.

Mleta mada: Mzee wangu, shikamoo. Wiki moja ndege wangeniachia vikonyo. Hata hivyo hakupima! Ametema, na mama mkwe akainama.

Mama wa Mpunguzi: Mwenzetu ametemewa punje moja. Mimi nilipokelewa kwa tabasamu, halafu kwenye mizani wakakata kilo tatu kwa kila kreti, ilhali kreti tupu nimeipima mwenyewe na haifiki kilo mbili. Zidisheni kwa kreti themanini muone nilichoibiwa.

Kichala Chekundu: Mama, afadhali wewe umeiona hiyo mizani na hela ukaipata. Mimi zabibu zangu zilikopwa msimu uliopita, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili, na mpaka leo tunapogoa na kuvuna, tunapogoa na kuvuna, na sijaona hata shilingi.

Nyuki wa Mvumi: Ndiyo maana wengine tuliamua kukamua wenyewe. Matokeo yake mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, umejaa kwenye matangi, wanunuzi wanataja bei ya maji, na msimu mpya umeshafika hatuna pa kuweka mwingine.

Mleta mada: Jamani, uzi huu unahusu kutemewa.

Kichala Chekundu: Nyuki wa Mvumi, matangi yako ni ya lita ngapi? Kama kuna moja tupu nalihitaji, mwaka huu sikopeshi tena mtu.

Shamba Darasa: Mama wa Mpunguzi, hizo kreti zisizofika kilo mbili ulizinunua wapi? Zangu zimepasuka, na kesho saa kumi alfajiri tunaanza kukata.