Kulipia antivairasi wakati Windows ina ya kwake ya bure, ni lazima kweli? Tujadili

Wakuu habari za saa hizi. Naleta hili kwa sababu juzi kaja mwanafunzi hapa stationari kwangu na laptopu mpya kabisa, kaambiwa na aliyemuuzia kwamba asipolipia antivairasi ya elfu 40 kwa mwaka hiyo mashine haimalizi mwezi. Hela yenyewe ya kula anaungaunga. Nikamwambia usilipe, washa Defender, ile antivairasi ya Windows yenyewe iliyomo humo ndani, uendelee na shule. Jamaa yangu mmoja alikuwepo pale akapinga kweli kweli, anasema cha bure ni cha bure tu, Defender ni sawa na mlinzi wa geti asiye na rungu.

Mimi msimamo wangu ni kwamba kwa mtu wa nyumbani, mwanafunzi, hata sisi wenye vistationari, Defender inatosha kabisa na hiyo elfu 40 ina kazi nyingine.

Hiyo sifa mbaya ni ya zamani. Ilivyoanza 2006 ilikuwa inatafuta spaiwea tu (programu za kukupeleleza), antivairasi kamili imekuwa kwenye Windows 8 mwaka 2012 na kipindi kile kweli Microsoft walikuwa wanashika mkia kwenye vipimo. Wengi tuliizoea hivyo hatujarudi kuangalia tena. Lakini AV-TEST wa Magdeburg kule Ujerumani, ambao kazi yao ni kuzipima hizi programu, miaka ya karibuni wameshaipa 18 kati ya 18 mara nyingi tu, alama zile zile wanazopata wa kulipia.

Na mimi siongei vya kusoma tu, stationari inapokea flashi za watu kutwa nzima, kila mtu na uchafu wake. Kuna dada alileta flashi ya kuprint ripoti ya fildi, kuifungua folda zote zimegeuka shotikati, vitu vya KB 1 au 2, na Defender pale chini kulia imesharusha kile kiboksi Threats found. Dada machozi yanamlenga, anajua kazi imeliwa. Nikaiacha ifute vile vishotikati, nikafungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zake zikarudi zote, maana vairasi wa aina ile huwa anazificha tu hazifuti. Mashine yangu haikuguswa. Sikulipa hata shilingi.

Sasa jamaa yangu akauliza, mbona watu wana Defender na bado wanaliwa? Jibu mnalijua ila hatupendi kulisema, tunaizima wenyewe. Ukidaunlodi kraki ya Office au ya gemu, yaani ya kutumia cha kulipia bila kulipa, zipu imefungwa kwa paswedi, maelekezo namba moja yanasema zima antivairasi kwanza. Na mtu anazima! Kisha hairudishi. Hapo hata ungelipia laki tatu ungeizima vile vile ili kraki ipite, kwahiyo tatizo sio bei.

La pili ni apdeti. WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017, ransomuwea (inafunga mafaili yako halafu inadai hela), ilifungia mafaili hospitali za Uingereza mpaka wagonjwa wakarudishwa nyumbani, na dawa ya tundu la Windows ililopitia Microsoft walishaitoa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wameapdeti Windows walikuwa wameshaliziba. Huku kwetu tunazima apdeti kwa sababu ya bando, nawaelewa sana maana na mimi bando linaniuma, lakini angalau apdeti za Defender peke yake ni ndogo ukilinganisha na za Windows nzima, ingia Windows Security kwenye Protection updates ubonyeze Check for updates mara kwa mara.

Nikiri moja ambalo jamaa alinibana. Defender inategemea sana intaneti, na vipimo vya AV-Comparatives wa Innsbruck, Austria, vimeonyesha ikiwa ofulaini uwezo wake wa kugundua unashuka kuliko kadhaa za kulipia. Kwahiyo mtu ana kompyuta kijijini haiingii mtandaoni wiki tatu halafu inalishwa flashi kila siku, huyo ana hoja, simbishii. Na ofisi yenye mashine mia inayotaka kuziona zote sehemu moja, hao nao walipe.

Ila msichanganye bure na bure. Antivairasi ya bure ya kudaunlodi pembeni ni habari nyingine, Avast walikuwa wanakusanya unachotembelea mtandaoni na kampuni yao tanzu ya Jumpshot inakiuza, ikafungwa 2020, na 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawabana kwa dola milioni 16.5. Tena ukiweka antivairasi ya pembeni Defender inakaa kando yenyewe, kwahiyo unatoa mlinzi unamweka huyo.

Ningekuwa na hiyo elfu 40 ningeiweka kwenye diski ya nje hata iliyotumika, nikahifadhi kazi zangu kila Ijumaa na kuichomoa. Ransomuwea ikipita antivairasi yoyote, ya bure au ya kulipia, kinachokuokoa ni ile diski iliyoko kabatini. Na kwenye Defender kuna Controlled folder access, ipo tangu 2017 inakuja imezimwa, inazuia programu isiyoaminika kugusa folda zako. Iwasheni.

Sasa nyie mnaolipia, nataka jambo moja tu, mtu aje aseme mwaka huu imenikamatia kitu gani hasa ambacho Defender ingekipitisha, na kiliingiaje. Nitamwonyesha yule dogo, laptopu yake kaniachia hadi kesho.