Mgeni aliyelipiwa kwenye kipindi cha asubuhi: tunamtenganishaje na kipindi chenyewe?

mtayarishaji_dar
Wakuu, naomba msaada. Kipindi ni live, saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Watu wa masoko wameuza dakika 12 kwa wauzaji wa virutubisho. Msemaji wao atakaa kochi lile lile, atahojiwa na mtangazaji yule yule aliyetoka kumhoji daktari. Masoko wanasema kumtaja mdhamini mwishoni inatosha. Inatosha kweli? Halafu, kwa nini sauti hupaa ghafla matangazo yakiingia?

fundi_playout
Haitoshi hata kidogo. Aliyewasha TV dakika ya nne akazima dakika ya tisa hatajua kitu. Weka kibwagizo cha sekunde 3 hadi 5 mwanzo na mwisho, chenye picha na sauti, na neno TANGAZO likae kwenye kona dakika zote 12. Lisigongane na nembo ya kituo wala lisikae chini, litafunikwa na maandishi yanayopita. Saluni nyingi za Kariakoo TV inawaka bila sauti, na nyumbani mtu yuko jikoni anasikiliza tu. Ukiweka kimoja, mmojawapo umemwacha.

Tatizo kubwa ni neno hilo kupangwa kwa saa kwenye orodha ya kurusha, badala ya kufungwa kwenye kipengele chenyewe. Daktari akizidisha dakika 2, TANGAZO linamwangukia yeye, kisha linatoka muuzaji akiwa bado anaongea. Kwa live, mtu wa grafiki aliweke na kulitoa kwa amri ya mwongozaji.

sauti_safi
Kuhusu sauti, mita ya kilele, inayoonyesha sauti ilipopanda juu kabisa, itakudanganya. Tangazo na kipindi vinaweza kuwa na kilele sawa, ila sauti ya tangazo imebanwa, sehemu za chini zikanyanyuliwa, ndiyo maana sikio linaona limepaa. Pima kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Kiwango cha Ulaya, EBU R 128, ni wastani wa -23 LUFS na kilele kisichozidi -1 dBTP (kipimo cha kilele halisi). Tangazo likija na -14 LUFS, lishushe dB 9 kabla halijaingia kwenye seva. Marekani, tangazo kutozidi sauti ya kipindi ni sheria tangu Desemba 2012.

mhariri_maudhui
Mkuu, hilo kochi ndilo linalonisumbua zaidi. Muuzaji akikaa alipotoka daktari, anaazima heshima ya daktari. Mhamishie kona nyingine yenye mandhari tofauti, ahojiwe na mtu asiyesoma habari, na asiitwe "mtaalamu wetu". Uingereza iliweka sharti la matangazo kutofautishwa wazi na vipindi katika sheria ya 1954, kabla ITV, televisheni ya kibiashara ya huko, haijaanza kurusha 1955. Hata hivyo vikazuka vipindi vya kuuza bidhaa kwa sura ya maongezi, vikapigwa marufuku 1963.

Akianza kudai bidhaa inatibu sukari au presha, mambo yanabadilika: tangazo la dawa linahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Omba kibali na hoja zake kwa maandishi kabla ya siku ya kurusha, na mtangazaji aelekezwe kumkatiza akitoka nje ya hizo.

mtayarishaji_dar
Asanteni sana. Na kipande kikipandishwa YouTube?

fundi_playout
Hapo ndipo wengi wanateleza. Ukirekodi picha kabla grafiki haijawekwa, neno halimo. Chukua rekodi ya kilichorushwa hewani, usikate vibwagizo, na andika TANGAZO mwanzoni mwa kichwa cha video.