Naomba ushauri: Windows au Linux kwa laptop inayotegemea sola?

Wakuu, habari za jioni. Nina stesheneri ndogo kijijini, umeme wangu ni wa sola, na laptop ni ThinkPad T470 yenye Windows 10. Sapoti ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi haiipokei prosesa yangu ya Intel kizazi cha 7. Nafikiria kuhamia Linux Mint. Kinachonisumbua ni chaji tu (printa ina mzigo wake, hiyo tuiache).

Wengi husema Linux ni nyepesi, kwa hiyo inakula umeme kidogo. Sishawishiki sana. Kutumia RAM kidogo si sawa na kutumia wati chache. Kioo na Wi-Fi ni vilevile, tofauti inakuja pale mfumo unapojua kuvilaza vifaa visivyo na kazi. Halafu video: brauza isipoitumia chipu ya grafiki, prosesa inabeba mzigo wote na feni inaanza kulia.

Mliotumia mifumo yote miwili kwenye mashine moja, mlipata wati ngapi ikiwa imetulia, na ngapi video ikicheza? Kwenye Linux, programu ya PowerTOP huonyesha wati ukiwa kwenye betri. Upande wa Windows mnapima kwa nini? Na kwa Linux, TLP (programu ya kubana matumizi ya umeme) inatosha, au kuna mipangilio mingine ya kugusa?

Na jingine: T470 inachaji kwa USB-C. Niachane na inveta ninunue chaja ya DC (inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri ya sola) kwanza, kabla hata ya kugusa mfumo?