Wajukuu wa Bibi Tanga

Dada Mkubwa, 07:02
Asalaam aleikum. Nani kampelekea Mdogo dumu la dawa ya kuongeza kinga? Nimelikuta jikoni, limebaki nusu.

Dada Mkubwa, 07:40
Tiki za buluu naziona.

Shangazi, 09:15
Mimi. Mlonge na mwarobaini tu. Mtu akiumwa, kinga ipandishwe.

Dada Mkubwa, 09:18
Shikamoo shangazi. Huyu hajapungukiwa kinga. Ugonjwa wake, MS (multiple sclerosis), ni seli T, askari wa damu, kuingia kwenye ubongo na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mkono wa kulia unaachia kikombe. Tuwachochee tena?

Kaka Muscat, 09:31
Kumbe jeshi limepindua serikali 😂

Binamu Temeke, 09:32
😂😂 Rais yuko wapi?

Dada Mkubwa, 09:40
Jamani! Mwaka 1987 Marekani walichapisha jaribio: wagonjwa 18 wa MS walipewa intaferoni gama, ya kuamsha kinga. 7 ugonjwa ukawalipukia wakiwa kwenye matibabu. Dawa ikaachwa. Hata panya wa maabara, ukimdunga protini ya utando ule peke yake, mara nyingi haumwi. Ichanganye na bakteria wa kifua kikuu waliouawa: seli T zinaamka, mkia unalegea, kisha miguu ya nyuma inapooza.

Shangazi, 10:05
Basi na chanjo asichome?

Dada Mkubwa, 10:07
Ya mafua isiyo na virusi hai anachoma. Mafua yenyewe ndiyo huweza kuuamsha ugonjwa. Zenye virusi hai, daktari aseme kwanza. Wala mlonge wa mboga sijaukataza.

Shangazi, 10:30
Nilipomuuguza marehemu kwa miti hiyohiyo hakuna aliyenifundisha. Mlikuwa Pongwe mnapima kiwanja.

Mama Mdogo, 10:33
Pongwe tena, wifi?

Kaka Muscat, 10:34
Aliyesaini anajijua.

Baba Mkubwa, 13:20
Nimesoma yote. Pongwe mtaijadili nikishazikwa. Mtoto asinywe kitu ambacho daktari hajakiona. Dumu liende naye kliniki.

Dada Mkubwa, 13:22
Tumesikia, baba. Shikamoo. Kliniki ni Jumanne. Nani ana gari?

Binamu Temeke, 18:50
Langu liko gereji.

Mama Mdogo, 19:04
Kumpeleka nitampeleka. Kurudi siwezi, nina zamu.

Dada Mkubwa, 19:05
Kurudi nani? Na hela ya picha ya MRI bado haijatimia. Kaka?

Kaka Muscat, 20:41
Njoo inbox.

Shangazi, 21:10
Dumu likishaonwa lirudi kwangu. Nimelilipia.