Wenye yadi za chuma chakavu, mashine nzima mnaivunjaje kwa ajili ya kilo?

Wakuu, salaam.

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye yadi moja ya chuma chakavu huku Vingunguti, Dar es Salaam, kumalizia malipo ya mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma na kukinyoa kwa kisu, lezi kama tunavyoiita sisi mafundi. Jumanne nilishaacha 500,000 ya kuishikilia. Nimekuta imevunjwa. Siyo imefunguliwa, IMEVUNJWA, kwa nyundo kubwa ya mikono miwili, na vipande vimerundikwa na bloku za injini na ngoma za breki vikisubiri lori la kiwanda cha kuyeyusha chuma. Kichwa cha mashine kimepasuka katikati, gia ziko nje na bado zina oili. Nilishindwa hata kuongea.

Mimi nina karakana ndogo Mbagala. Kazi zetu ni mashine za kusaga nafaka, pampu za maji, mageti na madirisha. Shafti ya mashine ya kusaga ikilika, au bushi ikiisha, au pulli ikitaka kutanuliwa tundu, napanda bodaboda na chuma mapajani mpaka kwa mwenye lezi, napanga foleni, nalipa bei anayotaka yeye. Mwenye mashine ya unga anafunga biashara siku tatu kwa kazi ya nusu saa. Lezi mpya sina uwezo nayo. Kwa hiyo zaidi ya mwaka sasa kila nikipata upenyo nazunguka Gerezani, Tabata, Vingunguti, nafukua marundo, nachafuka, nauliza.

Hii niliyoipata ilikuwa Colchester ya Uingereza, ya zamani lakini nzima. Niliikagua karibu saa mbili. Nilizungusha chaki, ile sehemu inayoshika na kuzungusha chuma, kwa mkono, beringi zikawa kimya, hakuna kulegea. Niliendesha kibebeo cha kisu kutoka jirani na chaki mpaka mwisho wa kitanda, yaani njia ndefu ya chuma ambayo kibebeo kinateleza juu yake. Wenzangu mnajua, kitanda kikilika kinalika upande wa chaki kwa sababu huko ndiko kazi inakofanyika. Ukikaza kibebeo pale kikae sawa, ukikipeleka mwisho kinagoma. Hii ilienda vizuri mwanzo hadi mwisho. Gia za kubadilishia zote zilikuwepo ndani ya kifuniko, na bila hizo huwezi kukata thredi, yaani meno ya skrubu, za vipimo tofauti, unabaki na mashine nusu. Kilichokosekana ni mota tu. Walishaichoma moto watoe nyaya za kopa. Hilo sikushangaa, nimeshaona mota nyingi zikiishia hivyo.

Mwenye yadi alianza na milioni 6. Nikamwambia, mzee wangu, hii umeipokea kwa kilo kama vyuma vingine, nionee huruma. Akanijibu, "Fundi, hii siyo chuma chakavu, hii ni mashine." Tukavutana mpaka 3,800,000. Nikatoa laki tano, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, basi. Risiti hakuna.

Sasa nipigieni hesabu. Tuseme ilikuwa na kilo 600. Kwa bei niliyoisikia pale pale, 700 kwa kilo, hiyo ni 420,000. Mashine ambayo mtu ameshakubali kuilipia 3,800,000 imegeuzwa kuwa laki nne na kitu! Na mwenyewe ndiye aliyeniambia siyo chuma chakavu!

Ilikuwaje? Mwenye yadi alisafiri Alhamisi. Vijana wake wanalipwa kwa kilo wanazovunja, na kiwandani hawataki kipande kikubwa, kwa hiyo chuma cha kasti, yaani cha kumimina kwenye kalibu, lazima kipigwe kiwe vipande. Ijumaa lori lilikuwa halijajaa, wakaanza na kilichokuwa karibu na geti. Na lezi yangu ilisogezwa karibu na geti ili iwe rahisi kuipakia nikija! Kijana mmoja, mtoto kabisa, aliniambia, "Kaka, hakuna aliyetuambia imeuzwa, haikuwa na alama yoyote." Huyo simlaumu. Namlaumu mtu mzima aliyepokea laki tano akashindwa kuchukua kopo la rangi akaandika neno moja, IMEUZWA.

Na tafadhali asije mtu kuniambia nikachomelee. Kasti siyo geti. Inataka kupashwa moto taratibu, inataka vijiti vya nikeli, na ipoe polepole la sivyo inapasuka pembeni ya pale ulipochomelea. Hata ukifanikiwa, kitanda cha lezi kinatakiwa kinyooke sana, na moto wa kuchomelea unakipinda. Imekufa hiyo.

Kilichonifanya niandike siyo hii moja tu. Miaka miwili nyuma yadi nyingine iliniuzia drili ya kusimama kwa 450,000, imepakwa rangi ya kijani inang'aa. Wiki ya kwanza tukitoboa bamba la milimita 12, shingo ikaachia, kichwa kikashuka sentimita chache kutoka mkono wa kijana wangu. Kukwangua rangi, tunakuta ufa wa zamani umejazwa puti, ile ya kunyooshea bodi za magari. Puti kwenye mashine inayobeba mzigo! Nilivyorudi nikaambiwa mali ya yadi hairudi. Mtu angekatika vidole, nani angemlipa?

Majiliwa, yale ya kubania chuma mezani, nayo ni hivyo hivyo. Jiliwa la kasti la kumtosha fundi maisha yake yote na mwanawe naye alirithi, linapigwa nyundo moja kwa sababu skrubu yake imekwama kwa kutu. Dizeli kidogo na subira ya usiku mmoja ingelifungua.

Hii nchi ilishatengeneza mashine zake. Wilayani Hai, Kilimanjaro, kulikuwa na kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, wakitoa mashine za kufanyia kazi ya chuma na mbao. Mang'ula, Morogoro, kulikuwa na karakana kubwa iliyoachwa na Wachina waliojenga reli ya TAZARA. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ipo toka 1973 kwa ajili ya watu wa aina yangu. Leo fundi mdogo akitaka lezi anategemea hizi za zamani, na hizi za zamani haziongezeki. Kila inayovunjwa imeondoka moja kwa moja, imekwenda kuwa nondo. Nondo tutaagiza au tutayeyusha kwa vyuma vingine, vimejaa tele. Lezi ya kasti nzuri nitaitoa wapi?

Ninachoomba siyo kikubwa. Mwenye yadi, ukiletewa lezi, drili ya kusimama, jiliwa, mashine ya kuranda, fuawe, iweke pembeni hata wiki mbili. Mafundi tupo, tutakuja, na tutakulipa zaidi ya kiwanda, hesabu nimeshaiweka hapo juu. Ukipokea pesa ya mtu, andika kwenye mashine yenyewe na mpe risiti. Kama ina ufa, uache ufa uonekane, nitaununua na ufa wake kwa bei yake. Na mota msizichome, kuna watu kazi yao ni kusuka mota, zingine zinafufuka kwa gharama ndogo.

Jumatatu mwenye yadi karudi. Nilidhani ataanza na pole. Akaniambia nichague vipande ninavyovitaka. Chaki ilikuwa imepona, na seti ya gia za kubadilishia nayo ilipona karibu yote. Nikauliza kwa kilo shilingi ngapi. Akasema, "Hizo siyo za kilo fundi, hizo ni spea. Chaki laki tatu."

Nilimwambia anirudishie pesa yangu. Kanipa 300,000, zilizobaki kasema nifuate Jumatano. Jumatano saa mbili asubuhi nipo getini kwake, na ile karatasi ya daftari ninayo.